Chungu cha Tatu cha Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiozesha mabinti kwa ngoma na kande, Tembo alipata mkwe. Furaha ikamlevya.

Jirani yake Kifaru alikuwa amepika vyungu viwili kwenye harusi ya binti yake. Tembo akaapa kupika vitatu. Lakini mahindi ya chakula yalitosha viwili tu. Basi akainua mkonga juu ya meko, akaangusha mahindi ya mbegu, yale yanayoning'inizwa kwenye moshi yasitobolewe na wadudu. Pu! Pu! Pu!

Mkewe akashika kichwa. Pimbi, mpishi wa shughuli, nusura mwiko umponyoke. Jamani, mbegu! Nani anapika mbegu?

"Mvua ikija utapanda nini, mzee?" Pimbi aliuliza.

"Nitapanda heshima," Tembo akajibu. "Kifaru hawezi kunizidi. Pika."

Pimbi akaomba tu aachwe jikoni peke yake, eti kande ya chungu cha tatu haitaki kutazamwa. Tembo, ambaye hakuwahi kukoroga hata uji, akakubali.

Wageni wakala. Chungu cha kwanza kikaisha. Cha pili kilipofika nusu, Nyati akalegeza mkanda, na wengine wakaanza kusinzia. Cha tatu kilichemka pembeni, bwata bwata, hakuna aliyekigusa. Tembo akakizunguka akimringia Kifaru kwa chakula ambacho hakuna aliyekitaka.

Kesho yake mvua ikanyesha. Majirani wakatoka na majembe. Tembo akatazama juu ya meko, akaona patupu. Moyo ukampasuka. Wanawe wangekula nini mwaka mzima? Akaketi chini kwa kishindo, akalia mbele ya mkewe bila aibu.

Pimbi akaja, akamwambia afunue kile chungu. Tembo akafunua.

Mawe! Mawe matupu, tena yamechemshwa vizuri.

Tembo akaduwaa, mkonga ukining'inia. Akauliza mbegu zake ziko wapi.

"Pangoni kwangu, juu ya moshi wangu," Pimbi akasema. "Wageni wako walishiba kwa chungu kimoja na nusu, mzee. Hiki ulimpikia Kifaru, na Kifaru hakukionja."

Tembo akachukua jembe, akamfuata Pimbi pangoni.

Hadithi yangu naiacha shambani, wanangu: pikeni cha kutosha matumbo yenu, msipikie macho ya jirani.