Mgongo wa Mwachofi

Ageuzwaye kitandani, husimama mlangoni. Ndivyo alivyosema mwalimu mkuu leo, alipokuwa akimpongeza yule kijana aliyekwama darasani miaka yote ile, walimu wakawa naye bega kwa bega mpaka akafaulu. Niliwaona mkitazamana. Mlidhani ni maneno ya zama za pinde na mishale. Sivyo, wajukuu zangu. Methali hii mimi ninaizidi umri, na aliyeitamka kwa mara ya kwanza ni mama yangu mzazi. Ilizaliwa hivi, nami nilikuwepo.

Kaka yangu Mwachofi alikuwa fundi wa mawe hapa Werugha, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Siku moja, akibomoa jukwaa kwenye nyumba aliyokuwa akijenga, alikanyaga ubao wenye msumari uliokula kutu. Msumari ukatoboa kiatu, ukazama kwenye wayo. Akauchomoa, akamwagia mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Sindano ya kinga hakwenda kuchomwa. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, kikafunga upesi, naye akakisahau.

Kidonda hakikumsahau. Wiki iliyofuata aliamka asubuhi akashindwa kufumbua kinywa anywe chai. Tulimcheka, tukisema ni jino. Kufikia jioni shingo ilikuwa imekakamaa, na mgongo ulianza kujipinda wenyewe. Daktari wa hapa alimtazama kidogo tu, akasema, "Pepopunda," na papo hapo akaanza kutafuta gari. Mwachofi akateremshwa mpaka Mombasa, katika hospitali moja kubwa, akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mama na mimi tukafuata.

Pepopunda si ugonjwa wa kuombea adui. Sumu yake hukamata misuli yote. Kikombe kikianguka, taa ikiwashwa ghafla, mkono ukimgusa mgonjwa, mwili mzima hujikaza kama kamba inayovutwa huku na huku, hata pumzi hukatika. Kwa hiyo madaktari walimlaza usingizi mzito kwa dawa, wakamtoboa koo na kumwekea bomba, mashine ikawa inampumulia. Chumba chake kilitiwa giza. Watu humo walinong'ona. Tuliruhusiwa kuingia kwa zamu, tukiwa tumenawa mikono na kuvaa majoho ya hospitali.

Mama yetu, Mshai, alikuwa na ulimi mkali na moyo wa nta. Siku zile za mwanzo aliona kwa macho yake jinsi wauguzi walivyojaribu kumgeuza Mwachofi wamsafishe, na jinsi alivyojikaza mpaka mashine ikapiga kelele. Dawa zilikuwa bado hazijapata kipimo cha kumtuliza. Wauguzi wakarudi nyuma, wakawa wanapangusa pale tu palipofikika. Mwachofi akabaki chali. Alipoachwa hivyo alitulia, na mama akaona kwamba hapo ndipo penye uponyaji.

"Mwacheni apumzike," akawa anamwambia kila aliyeingia. "Mtu aliyelala ameshika njia ya kupona."

Ndipo akarudi kutoka likizo muuguzi mkuu wa chumba kile. Alikuwa Mgiriama, jina lake Mbeyu, mwanamke mrefu wa vidole virefu. Alimsalimu mama, akainama, akapenyeza mkono taratibu chini ya kiuno cha Mwachofi. Ulipotoka ulikuwa umelowa jasho.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "naomba tumgeuze mwanao tumwoshe mgongo."

Mama alisimama, akamshika mkono. "Hapana. Juzi walimgusa, akapinda mpaka nikadhani uti wa mgongo umevunjika. Usimguse. Afadhali alale na jasho lake akiwa hai."

"Akiendelea kulala hivi, mama, hilo jasho litamuua."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Wewe jana ulipolala, uligeuka mara ngapi?"

"Nitajuaje? Si nilikuwa nimelala!"

"Basi ndivyo. Mwili ukibanwa hujigeuza wenyewe, hata ukiwa usingizini. Wa Mwachofi tumeulaza kwa dawa. Hauwezi kujigeuza, wala hauwezi kulalamika. Mfupa unabana ngozi juu ya godoro, damu haipiti, na chini yake ni maji ya jasho. Ngozi ikibanwa ikalowa, inakufa. Ikifa inafunguka, na maradhi yanapata njia mpaka mfupani. Mama, mimi nimeona watu walioushinda ugonjwa uliowaleta hapa, wakashindwa na kidonda cha mgongo."

Mama hakumwachilia mkono. Daktari wa chumba, Daktari Aboud, alikuwa amesikia, akasogea karibu.

"Tumepandisha dawa tangu asubuhi, mama," alisema. "Tutamwongezea nyingine kidogo kabla ya kumgusa, tungoje imkolee. Akijikaza, tunaacha hapo hapo. Nakuahidi."

Mama akanigeukia mimi. Wakati ule nilikuwa msichana tu, na sijawahi tena kutazamwa namna ile, kana kwamba nimeshika roho ya mtu mkononi. Nikamwambia, "Mama, tuwaache wajaribu."

Akamgeukia Mbeyu. "Basi mkono wangu uwe juu yake."

"Hilo ndilo nililotaka kukuomba," alisema Mbeyu.

Dawa ikatiwa, tukangoja. Kisha wauguzi wawili wakaja kusaidia, mmoja akashika kichwa na bomba. Hawakumvuta. Walikamata shuka lililokuwa chini yake, wakapeana ishara kwa macho, wakamwinua na kumlaza ubavu kwa mwendo mmoja wa pole. Taya la Mwachofi likatetemeka. Bega likaruka. Mama alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Mashine ikavuta pumzi, ikatoa, ikavuta, ikatoa. Bega likalegea. Hakujikaza.

Mbeyu akafunua mgongo. Chini kabisa, juu kidogo ya makalio, palikuwa na doa lenye upana wa kiganja cha mtoto.

"Kwenye ngozi nyeusi kama zetu usitafute wekundu," alinong'ona. "Tafuta weusi uliozidi. Sasa gusa, mama."

Mama aligusa kwa ncha za vidole. "Pana moto."

"Ndiyo. Na pamekuwa pagumu kuliko kando yake."

"Pameoza?"

"Bado. Pameanza kulia tu. Tumewahi, mama. Tukipanyamazisha sasa, hapatafunguka."

Niliuona uso wa mama yangu ukibadilika. Ile hofu haikuondoka, ila ilipata kazi ya kufanya. Akakunja mikono ya lile joho. "Nionyeshe," alisema.

Tangu siku ile vita ikawa vita. Mbeyu alitufundisha jinsi ya kumwosha. Maji ya vuguvugu na sabuni laini. Kitambaa kipite polepole, kwapani, kinenani, chini ya makalio, kila mahali ngozi inapolala juu ya ngozi nyingine. Baada ya hapo ni kukausha, na kukausha si kusugua, ni kugandamiza taulo na kuinua, kugandamiza na kuinua. Kisha mafuta kidogo ya kuilainisha ngozi. Mama alitaka kulikanda lile doa kama tunavyokanda misuli huku kwetu, lakini Mbeyu alimzuia. "Hapo usikande, mama. Ndani kumeumia, ukisugua unamalizia." Shuka lilinyooshwa lisiwe hata na mkunjo mmoja. Mto uliwekwa chini ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Kichwa nacho kilihamishwa, maana hata kisogo huchubuka. Na kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wauguzi walimgeuza: ubavu huu, ubavu ule. Lile doa hawakuruhusu liguse kitanda tena.

Wakati wa kumwosha mama alizoea kumsemesha, kwa sauti ya pumzi tupu. "Sasa naja kwenye bega, baba. Sasa mgongo. Usishtuke, ni mimi." Mbeyu alisikia, naye akaanza kumsemesha vivyo hivyo. Wauguzi wengine wakafuata. Hata leo siwezi kuapa kwamba Mwachofi alisikia, lakini kushtuka kwake kulipungua siku hadi siku.

Huku nyumbani maneno yalikuwa yameshazagaa. Baba yetu mdogo, Mwakio, alipiga simu. Mama alitoka nje ya chumba kuipokea, nami nilikuwa kando yake nikisikia kila neno.

"Shemeji," alisema Mwakio, "tunaambiwa mtu akilazwa hivyo huanza kuoza angali hai. Kwa nini tuendelee kumtesa? Mrudisheni afie kwao."

Mama alijibu, "Mwanangu haozi. Leo peke yake ameoga kukushinda wewe wiki nzima." Akakata simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tufike Mombasa.

Msidhani mambo yalinyooka. Pepopunda ilipoanza kulegea, Mwachofi alipatwa na homa ya mapafu, na zile dawa za homa zikamharisha. Kitanda kilichafuka mara tu kilipobadilishwa, na kilipobadilishwa kikachafuka tena. Muuguzi mmoja kijana alikaa kwenye kiti akajifuta uso, akasema hana nguvu zilizobaki. Mbeyu hakumkemea. Alichukua beseni yeye mwenyewe, akamwosha mgonjwa, akamkausha, akampaka mafuta mazito ya kuzuia unyevu, akatandika shuka jingine. Kisha akamwita yule kijana na mama, akawaonyesha.

"Tazameni doa letu."

Tuliinama sote. Joto lilikuwa limetoka. Ugumu ulikuwa umelainika. Weusi ule ulikuwa umerudi nyuma, umebaki kama kivuli. Katikati ya uharisho wote ule ngozi haikufunguka. Yule muuguzi kijana alisimama bila kuambiwa, akaenda kuleta mashuka mengine, na niliona kwamba anatembea kama mtu aliyekula akashiba.

Homa ikashuka. Dawa za usingizi zikapunguzwa kidogo kidogo. Mwachofi akafumbua macho, akamwona mama, na machozi yakamtoka kabla ya sauti. Mashine ikaondolewa, kisha bomba. Neno lake la kwanza, kwa ile sauti yake ndogo iliyokuwa sasa ndogo zaidi, lilikuwa, "Uji." Mama alilia mpaka akashindwa kuushika uji wenyewe.

Alikuwa amekonda, miguu kama ya korongo. Lakini sikilizeni: angekuwa na shimo la kidonda mgongoni asingeweza hata kuketishwa. Yeye aliketishwa, kisha akasimamishwa, akafundishwa kuhamisha mguu mmoja baada ya mwingine, wauguzi wakimshika huku na huku.

Siku ya kuhamishwa kwenda wodi ya kawaida, jamaa walikuwa wamekuja kutoka Werugha. Walijazana nje ya mlango wa chumba cha mahututi, baba mdogo Mwakio mbele yao. Nyuso zao ziliniambia walikuja kumwona mtu wa kubebwa. Kiti cha magurudumu kililetwa kitandani. Mwachofi alikitazama, akakisukuma kando kwa kiganja.

"Hapo mlangoni nitafika," alisema.

Mbeyu alimtazama Daktari Aboud. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Mbeyu akashika mkono wa kulia, mama wa kushoto, mimi nikafuata nyuma na kile kiti. Alikwenda kama mtoto anayevuka mto juu ya mawe. Jasho lilimtiririka. Mlango ukafunguliwa, naye akasimama pale kati ya miimo yake, akawaachilia mama na Mbeyu, akasimama kwa miguu yake mwenyewe.

Baba mdogo Mwakio akauliza, "Na mgongo?"

Mama alimgeuza mwanawe taratibu, kama alivyofundishwa, akalipandisha shati mpaka mabegani na kuteremsha kiuno cha suruali kidogo. Mgongo ulikuwa mzima. Hapakuwa na kidonda, kovu wala doa. Uling'aa kwa mafuta kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Tazameni!" mama alisema, akainua sauti aliyokuwa ameizuia muda wote ule wa kunong'ona. "Mliniambia nimlete afie nyumbani. Mlidhani alilazwa, kumbe aligeuzwa! Ageuzwaye kitandani, husimama mlangoni!"

Vigelegele vilivyopigwa pale! Mlinzi alikuja mbio kutunyamazisha, alipomwona Mwachofi akasahau alichojia, akapiga makofi. Baba mdogo Mwakio alimkumbatia Mwachofi, kisha akaenda moja kwa moja kwa Sista Mbeyu, akampa mikono yote miwili akiwa ameinamisha kichwa. Mbeyu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Yule muuguzi kijana alisimama nyuma yake, na mama akamvuta mbele naye asifiwe.

Jamaa walirudi mlimani na yale maneno. Mwanzo walimtania nayo baba mdogo Mwakio. Baadaye watu wakaanza kuyatumia kwa mambo mengine: shamba lililochoka likatiwa samadi, ndoa iliyolegea ikapatanishwa, mwanafunzi aliyekwama akashikwa mkono. Popote mtu alipokuwa hajiwezi, wenzake wakamhudumia bila kuchoka mpaka akainuka, huku kwetu husemwa vile vile alivyosema mama yangu Mshai mbele ya watu siku ile, mwanawe akiwa amesimama:

Ageuzwaye kitandani, husimama mlangoni.