Bi Chura na Mwenyeji Aliyeonja Kwanza

Ngano, ngano!

Na ije!

Ije na nini?

Na mkia wake, tuushike!

Basi ushikeni vizuri, maana huu unateleza.

Palikuwa na chuo kikuu kimoja ukingoni mwa mto, nusu ya darasa nchi kavu, nusu majini. Wa kavu walikaa kwenye nyasi, wa majini walitoa vichwa tu. Mwalimu wao wa saikolojia alikuwa Bi Chura. Saikolojia ni elimu ya kujua mwenzio ana nini moyoni kabla hajakwambia. Wengine tunaifanya dirishani miaka nenda miaka rudi, bila cheti, lakini haya, yeye aliisomea.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Akisema neno, huku wanacheka, kule wananuna.

"Mwalimu," analalamika Mbuzi, "Kambare ananikodolea macho! Hana adabu!"

"Hana kope, mwanangu. Na wewe umejuaje kama humtazami?"

Siku hiyo aliwafundisha desturi za kula. "Nchi kavu," akasema, "mgeni akikaribishwa hukataa. Husema nimeshiba, asihiwe, akatae tena, asihiwe tena, ndipo ale. Majini je?"

"Majini ukisema umeshiba, umeshiba," akajibu Kambare. "Chakula kinaondoka. Nani ana muda wa kubembelezana?"

"Na nchi kavu, nani huonja kwanza?"

"Mwenyeji," akasema Mbuzi. "Aonyeshe hamna sumu. Kisha hukaa pembeni mpaka wageni washibe."

Kiboko, mkuu wa chuo, hakuwahi kusikiliza somo hata moja. "Mimi na ukubwa huu nifundishwe na kidudu?" Mchana alikula na wa kavu, akajiita mtu wa kavu. Jioni alikula na wa majini, akajiita mtu wa majini. Mkewe, nasikia, alirudi kwao kwa kuchoka kukuta sufuria tupu. Mimi lakini sisemi kitu.

Sasa jicho lake likaangukia kidimbwi cha Bi Chura, kwa vile matete yake yalikuwa mabichi, matamu. Akaja akihema, mfu! mfu!

"Bi Chura! Chuo hakitaki mwalimu wa kuwili, huku mguu, kule mguu. Kesho uondoke. Kidimbwi nakichukua mimi."

"Mkuu, mayai yangu yamo humo! Niyapeleke wapi?"

"Yatajua yenyewe. Ila mimi si mkatili. Kabla hujaondoka, niandalie karamu ya kukuaga."

Moyo wa Bi Chura ukamdunda, du! du! du! Akapanda juu ya jani, akayatazama mayai yake, akajiuliza kama alivyowafundisha wanafunzi: Huyu ana nini moyoni? Ana njaa. Na nini tena? Hataki ionekane kuwa ana njaa. Akatabasamu. Na chura akitabasamu, mdomo unafika mbali.

Kesho yake akawaalika wazee wa nchi kavu, akawaketisha mkekani pamoja na Kiboko. Kupakua akawapa wa majini.

Likaja sinia la mchicha. "Karibu, Mkuu," akasema Kambare.

Kiboko akajivuna mbele ya wazee. "Ah, nimeshiba," akasema, akingoja kusihiwa.

"Haya," akasema Kambare. Sinia likaondoka. Chubwi!

Likaja sinia la maboga. "Karibu, Mkuu."

"Ah, nimeshiba mno," naye macho yamo ndani ya boga.

"Haya." Chubwi!

Tumbo likanguruma, nguruuu! Kiboko akamwinamia Bi Chura. "Mbona hawanisihi?"

"Wa majini hao, Mkuu. Kwao mtu hujitwalia."

Likaja sinia la miwa. Kabla hata halijatua, kwachu! Kiboko ametia mdomo.

Wazee wa kavu wakapiga makofi, pa! pa! pa! "Mwenyeji ameonja! Ahsante, mwenyeji!" Wakalivamia sinia. Kiboko akitaka kurudia, Mzee Beberu akamvuta sikio. "Wewe mwenyeji, kaa pembeni! Wageni kwanza!"

Bi Chura akasogea, akainama kwa adabu. "Ahsante, mwenyeji wangu, kwa kunipokea."

"Nani kakupokea? Wewe si nimekufukuza!"

Mzee Beberu akatema kapi la muwa. "Mwenyeji amfukuze mgeni aliyemwonjea chakula? Umeona wapi? Mgeni huaga mwenyewe!"

"Mgeni huaga mwenyewe!" wakaitikia wa majini. Ndilo neno pekee ambalo pande zote mbili hazijawahi kulibishania.

"Haya, aga basi!" Kiboko akafoka.

"Bado," akasema Bi Chura.

Kesho yake, mfu! mfu! "Unaaga leo?"

"Bado."

Mayai yakaanguliwa. Watoto walifundishwa neno hilo kabla ya kurukaruka. Pita kidimbwini leo uwasikilize: bado! bado! bado! Na Kiboko anaachama mdomo mpaka kesho, labda atatokea wa kumsihi.

Ngano yangu mkia nimeuachia, umezama matopeni. Anayeutaka aufuate.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: msikae kuwili, shikeni upande mmoja tu. Na mgeni asikae sana kwa watu, ni aibu. Mimi hapa kwa mkwe wangu nilikuja kusalimia tu, mvua za mwaka juzi. Naye jana kaniuliza, kwa adabu, nitaaga lini.

Nikamjibu.