Mteja Mnono wa Zuhena

Zuhena alikuwa na tovuti ya kusifia michezo ya kamari. Kila aliyebofya kiungo chake akacheza akaliwa, nusu ya alicholiwa ilikuwa ya Zuhena.

Siku moja Bwana Mkwizu, mwenye kampuni ya kamari iliyokuwa ikimlipa, alimfokea. "Unaniletea makapuku watupu! Leo niletee mteja mnono, la sivyo nakutimua."

"Wanono wanaogopa, bosi. Wanasema hata wewe mwenyewe huuchezi mchezo wako."

"Mimi niuogope mchezo wangu? Lete hicho kiungo chako!"

Akajisajili, akacheza, akaliwa bei ya gari zima. Akacheka mpaka machozi. "Sijapoteza kitu! Pesa zimetoka mfuko wa kulia, zimeingia wa kushoto."

"Kweli kabisa, bosi," Zuhena akasema, akikinga kiganja. "Ila njiani zimepitia kwangu."