Jino la Pili Kutoka Mwisho

Mlangoni mwa kliniki palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Kabla ya kung'oa, tuongee." Mwenye karatasi hiyo alikuwa daktari wa meno ambaye watu walimbandika jina la Daktari Ziba. Mgonjwa angekuja ameshika shavu, analilia kung'olewa, naye angembembeleza hadi jino lizibwe na libaki mahali pake. Kwa miaka ishirini na mitano vinywa vya mtaa mzima vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyejuta.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na tundu. Jino la pili kutoka mwisho, chini kushoto, liliwaka moto kila alipokunywa maji baridi. Muuguzi wake, mama wa makamo asiyejua kumung'unya maneno, alimwona akikunja uso juu ya bilauri.

"Daktari, si uvuke barabara uende kliniki ya yule mwanafunzi wako wa zamani, akutazame?"

"Yule niliyemfundisha kushika kioo? Mtaa ukisikia nimezibwa na mwanafunzi wangu, nani atanijia tena? Mama, usinichekeshe."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Jumamosi mchana, muuguzi alipotoka kwenda kula, daktari alifunga mlango, akajidunga sindano ya ganzi, akasimama mbele ya kioo cha ukutani. Mate yalimjaa, taa ikampiga machoni, na mkono uliozoea vinywa vya watu ukawa mgeni ndani ya kinywa chake. Hata hivyo hakukata tamaa. Alichimba, akasafisha, akajaza dawa ya kuzibia na kuigandisha kwa mwanga wa buluu. Alipojitazama, kazi ilimeremeta. Akajipongeza kwa sauti, ingawa nusu ya ulimi wake ilikuwa imelala.

Maumivu hayakuondoka. Lakini yeye alizoea kumwambia kila mgonjwa wake, "Litauma siku mbili tatu, ni kawaida," basi naye akajiambia hivyo hivyo na kumeza vidonge. Siku ya tisa aliingia kazini shavu limevimba hata jicho limebaki mstari tu. Muuguzi aliangusha trei, vyombo vikatawanyika sakafuni.

"Yarabi! Daktari, umefanywa nini?"

Hakungoja jibu. Alimshika mkono kama mtoto na kumvusha barabara.

Mwanafunzi wa zamani, sasa daktari kamili mwenye kliniki yake, alimpiga picha ya eksirei. Aliitazama, akachungulia kinywani, akaitazama tena.

"Mwalimu, nani aliyekuziba?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeziba la mwisho. Lilikuwa zima kabisa! Bovu ni hili la pili, na hukuligusa hata kidogo."

Daktari akainyakua picha, akaisogeza karibu, akaigeuza huku na huku. Mambo yalikuwa peupe. Kwa mkono wake mwenyewe alitoboa jino lisilo na kosa, kisha akaliacha lenye ugonjwa lioze huku yeye akimeza vidonge. Kosa ambalo angemfukuzia mwanafunzi darasani, alikuwa amelifanya yeye, tena kinywani mwake. Mwili wote ulimfa ganzi bila sindano.

"Liokoe," alisema. "Liokoe, mwanangu. Likitoka nitawatazamaje watu?"

"Ungekuja mapema ningeliziba kwa nusu saa, Mwalimu. Sasa usaha umekula mfupa, jino linacheza. Nisamehe. Panua."

Alipanua. Muuguzi alimshika mabega asitikisike. Dakika chache baadaye jino lilikuwa ndani ya kibakuli cha chuma, lina damu, na tundu lake jeusi limekaa palepale, halijaguswa. Daktari alilitazama. Meno ya mtaa mzima ameyanusuru, lake limemshinda, na yule mwanafunzi ambaye yeye aliona aibu kuketi mbele yake ndiye aliyekuwa akimfuta damu mdomoni. Kweli, mganga hajigangi.