Mpaka wa Pumzi Thelathini

Hapo zamani, reli ilipokuwa ikipasuliwa njia milimani, aliishi mvunja mawe aitwaye Mgaya. Ukoo wake ulikuwa na desturi moja: anayemponya baba ndiye humpa jina mtoto atakayezaliwa baada ya hapo.

Mkewe akiwa na mimba ya miezi minane, Mgaya alishikwa na kikohozi. Akaenda kwa Liang, mganga wa mitishamba wa mafundi Wachina waliojenga reli ile. Liang akapima mapigo kwa vidole vitatu, akachemsha mizizi na maganda, akamnywesha. Kisha akavua saa yake, akampa Semeni, dada wa mgonjwa.

"Hesabu pumzi zake asubuhi na jioni. Zikivuka thelathini kwa dakika, dawa yangu imefika mwisho. Mpeleke zahanati."

Siku ya kwanza Semeni alihesabu ishirini na mbili. Siku ya pili, ishirini na sita. Siku ya tatu homa ilishuka, Mgaya akaomba uji.

"Dada, weka saa hiyo. Mimi si treni."

Semeni akahesabu: thelathini na nne. Akampakia kwenye kiberenge cha reli, naye akalalamika njiani mpaka pumzi za kulalamikia zikamwishia.

Huko zahanati, Tabibu Ngonyani akasikiliza kifua: nimonia. Akamchoma penisilini siku saba, na siku zote saba hakulala kwake. Mgaya akapona. Mtoto wa kike akazaliwa, na siku ya kumpa jina wakaja wote watatu kudai haki hiyo: Liang, Semeni na Ngonyani.

"Sindano ndiyo iliyoua ugonjwa," akasema Ngonyani. "Mizizi yako, Bwana Liang, ilishusha homa, ikaficha moto uliokuwa kifuani."

"Kweli. Lakini dawa yangu niliiwekea mpaka mimi mwenyewe. Bila mpaka huo, ungemchoma nani?"

"Mpaka ulikuwa kwenye saa, na saa haina miguu," akasema Semeni. "Kaka alikuwa anakula uji na kunitania. Nani mwingine angemtoa kitandani?"

Mgaya akamtazama binti yake aliyelala, akajikuta anahesabu pumzi zake: arobaini, hesabu halali ya mtoto mchanga. Desturi haikuruhusu majina mawili. Akimchagua mmoja, wawili wangeondoka wakiambiwa kwamba uhai wake haukutoka mikononi mwao.

Nanyi mliosikiliza, hesabuni upya kabla hajafungua kinywa. Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?