Farasi wa Mbele na Farasi wa Chini

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mwambao, palikuwa na Sultani akiitwa Ghalibu, aliyependa farasi wa kutazamwa kuliko wa kupandwa. Na ilikuwa ada ya mji ule kwamba siku ya Idi Sultani hupanda farasi kwenda uwanjani kusali, na siwa, lile baragumu kubwa la enzi, hupulizwa karibu kabisa na sikio la mnyama. Mwaka uliopita farasi wake wa Kiarabu, mwenye shingo ya madaha na damu ya moto, aliposikia siwa aliruka, Sultani akatua juu ya sinia la halua. Watu wote wakajitia kukohoa. Aliyecheka ni mmoja tu, Shomvi, fukara aliyeuza maji kwa punda wake.

Basi Idi ilipokaribia, Shomvi akaitwa.

"Wewe uliyecheka," akasema Sultani, "utanichagulia farasi. Nikianguka safari hii, kichwa chako nacho kitaanguka."

"Nimesikia na kutii, bwana wangu," akajibu Shomvi, akijipapasa shingo, maana kichwa alikuwa nacho kimoja na alikwisha kukizoea.

Akaenda kwenye banda la farasi na sufuria bovu, akaligonga kwa nguvu. Farasi wa Kiarabu wakataka kupanda ukuta. Wa Kiajemi wakang'ata kamba kwa hasira. Wa Kihindi wakasimamisha masikio, wakatoka jasho. Lakini pembeni palikuwa na farasi jike wa Kihabeshi, mfupi, mwenye tumbo la mtungi, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba kuni za jikoni. Huyo akamtazama, akaendelea kutafuna. Shomvi akamgongea sikioni, naye akapiga mwayo. Shomvi alifurahi hata akambusu puani.

Sultani alipoonyeshwa akageuza uso.

"Huyu ni wa kuni, bwana wangu," akasema Waziri. "Wageni watatucheka."

"Sikiliza, Shomvi," akasema Sultani. "Nataka watu waone mbele yangu farasi wa Kiarabu, nami chini yangu nione utulivu. Ukikosa kimoja, unajua."

Shomvi akatoka akilia waziwazi, akamsimulia punda wake habari yote. Ikawa alipofika kwenye maneno ya Sultani, akayarudia mara mbili, kisha akafuta machozi.

Asubuhi ya Idi, ngoma zinalia na watu wamejaa, Sultani akakuta langoni farasi wawili. Wa Kiarabu amevishwa lijamu ya fedha, na hatamu zake ameshikishwa Waziri. Nyuma yake yuko yule jike wa Kihabeshi, anatafuna.

"Nini hii?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, ulitaka farasi wa Kiarabu mbele yako, ndiye yule anayeongozwa na Waziri. Ukataka utulivu chini yako, ndio huu. Hukusema viwe katika mnyama mmoja."

Sultani akafungua kinywa amwite mkata vichwa, lakini nyonga ikamkumbusha lile sinia la halua. Akampanda yule wa Kihabeshi.

Siwa ikalia. Farasi wa Kiarabu akaruka, akatimka, na Waziri akining'inia kwenye hatamu mpaka soko la samaki, kilemba kikimfuata nyuma. Yule wa Kihabeshi akapiga mwayo, akaendelea na safari.

"Tazameni," watu wakaambiana, "Waziri amekimbia, na Sultani hata kope hakupepesa."

Sultani akayasikia, akacheka hata akashika manyoya ya shingo ya farasi asianguke. Akageuka, akamwona Shomvi anamfuata huku akijipapasa shingo.

"Mwaka jana ulicheka peke yako," akasema. "Mbona leo hucheki?"

"Bwana wangu, nangoja kwanza ushuke."

Sultani akashuka salama, na papo hapo akamfanya Shomvi mkuu wa banda la farasi. Ndipo Shomvi akacheka, na safari hii hakuna aliyekohoa.