Alama Ndani ya Kivuli

Alfajiri ya mji wa Mwingi huwa na vumbi jepesi linaloelea kama moshi wa ubani. Katika alfajiri ya namna hiyo Musyoka, mpiga picha, alimpiga picha Ismahan, muuza maziwa, akiwa na ngamia wake mweusi kando ya ukuta. Jua lilikuwa halijachomoza, na ngamia alimezwa na kivuli.

Musyoka alimtumia Ismahan nakala ndogo kwa simu, ile kubwa akaihifadhi kwenye kompyuta. Mkewe, Kanini, alikereka ajabu.

"Aki Musyoka, mafaili yako yamejaza mashine! Si ufute, ubaki na hizo ndogo? Macho yetu hayaoni tofauti."

"Hayaoni leo," Musyoka alijibu, akitabasamu kama aliye usingizini.

Mwaka haukuisha, ngamia akaibwa. Ismahan alimsaka hadi miguu ikafanya sugu, akamkuta sokoni mikononi mwa mchuuzi aitwaye Mahad. Pajani, juu ya alama ya ukoo wa Ismahan, palikuwa pamechomwa alama nyingine.

"Mama, tuonyeshe alama yako ya kwanza," wazee wa soko walisema. "La sivyo, adhuhuri ngamia ataondoka na Mahad."

Maskini Ismahan! Maziwa ya ngamia huyo ndiyo yaliyowalisha wanawe wanne. Alitoka mbio hadi studio ya Musyoka. Musyoka na Kanini walipoiongezea mwanga nakala ya simu, lo! Paja lote likawa mabaka mabaka ya kijivu. Kanini akauma kidole.

"Nakala hii ina ngazi mia mbili hamsini na sita tu za kila rangi, kutoka giza hadi mwanga," Musyoka alieleza. "Ile ya kwanza ina zaidi ya elfu kumi na sita. Hebu tuone."

Akaifungua, akapandisha mwanga polepole. Kivuli kikayeyuka. Ngamia akaibuka taratibu kama anayetoka ndotoni: kwanza nundu, kisha manyoya, kisha pale pajani alama ya ukoo, duara lenye mistari miwili, wazi kabisa.

Waliikimbiza picha sokoni kabla ya adhuhuri, wazee wakaitazama na kumgeuzia Mahad macho. Mahad akainamisha kichwa, akaiachilia kamba. Ismahan alimkumbatia ngamia wake shingoni, akalia kwa sauti mbele ya soko zima wala asione haya. Kanini naye alikuwa akilia. Ama kweli, akiba haiozi.